Mama Aliyeonja kwa Macho

Ivyne ni jirani yetu hapa Woodley. Ukuta wa jikoni kwao ndio ukuta wa jikoni kwetu. Si mtu wa hadithi. Ni karani katika kampuni ya bima, huimba kwaya kanisani, na kabla ya Jumamosi ile ungemtajia mambo ya jicho baya angekucheka mpaka ashike mbavu.

Siku yenyewe ilianza kama Jumamosi yoyote. Alifua, akaenda Kenyatta Market kusukwa, akarudi ananukia mafuta ya nywele na moshi wa nyama choma. Alimkuta mumewe, Jackton, akijipigia pasi shati, jambo la nadra. Walikuwa na sababu. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia Ivyne, moja baada ya nyingine. Hii ya tatu ilikuwa imevuka pale ambapo zile nyingine zilikwama, na daktari alikuwa amewaambia sasa wanaweza kupumua.

"Leo hakuna ugali," Jackton alisema. "Leo tunakula Kifaransa."

Mkahawa wenyewe ulikuwa Lavington, katika nyumba ya zamani ya mawe yenye bustani pande zote. Walifika jua halijazama. Vitambaa vyeupe, glasi nyembamba, muziki wa chini chini. Lakini Ivyne hakutulia. Alisogeza kiti, akakirudisha. Alipanga uma na kisu, akavipangua. Kitu kilikuwa kinamwasha shingoni, kama unywele uliobaki ndani ya kola.

Chakula kikaja. Sahani pana kama ungo, na katikati yake vipande vichache vya bata vimelazwa juu ya mchuzi usiozidi kijiko.

Jackton akainama kuvitazama. "Hii ni ya kuonja, ama ndiyo yenyewe?"

Ivyne akacheka, akatia kipande kinywani, akatafuna. Kicheko kikamkauka. Hakukuwa na ladha. Si kwamba chakula kilikuwa kibaya. Kibaya nacho kina ladha yake. Hiki kilikuwa kama pamba. Akanyunyiza chumvi. Hakuna kitu. Akakamua limau, akalamba kidole. Hakuna kitu.

"Yako iko na ladha?" akauliza.

"Iko sawa, inataka tu pilipili. Kula, mtoto anangoja."

Ndipo alipoinua macho, akamwona.

Kwenye meza ya dirishani alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo, suti ya kijani, nywele zimechanwa vizuri, mikono imetulia mapajani. Mbele yake hapakuwa na sahani. Hapakuwa na hata glasi ya maji. Alikuwa anamtazama Ivyne mdomoni.

Ivyne akatafuna. Yule mama akatafuna.

Ivyne akaacha. Yule mama akaacha.

Ivyne akameza. Koo la yule mama likapanda, likashuka.

Msichana aliyekuwa akiwahudumia, Kavutha, alikuja na jagi la maji. Alisimama katikati, mgongo wake ukaziba dirisha.

"Madam," akanong'ona bila kuinua uso, "badilisha kiti. Mpatie mgongo."

"Kwani ni nani?"

"Hatujui. Anakujanga tu. Hajawahi kuagiza chakula."

"Na hamumtoi?"

Kavutha akamimina maji, yakapita glasi, yakamwagika juu ya kitambaa. "Meneja alijaribu kumtoa. Saa hii analishwa na mpira, hospitali."

Ivyne akainuka abadilishe kiti. Alichelewa. Yule mama alikuwa ameshaondoka dirishani, anakuja, na viatu vyake havikusikika kwenye mbao. Alipowafikia alisimama. Akapangusa pembe za mdomo kwa kidole. Macho yake yakashuka polepole, kutoka midomo ya Ivyne hadi kifuani, kutoka kifuani hadi tumboni.

Yakakaa pale.

"Asante, binti yangu," akasema kwa sauti ya chini, ya upole. "Leo nimeonja tu."

Akatoka.

Maumivu yalimshika Ivyne kabla hawajafika nyumbani. Si ya uzazi, hayo aliyajua. Haya yalikuwa juu zaidi, chini ya mbavu, kama chakula kimesimama na kimekataa kwenda. Hospitalini wakampima. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga vizuri. Wakampa dawa ya gesi, wakamwambia arudi nyumbani. Kufikia asubuhi hata maji hayakupita. Alipojigusa, alihisi vinundu chini ya ngozi. Alipobonyeza kimoja, kilihama.

Jackton alikaa kitandani, ameshika simu. Yeye ni mhandisi. Mambo haya alikuwa ameyaacha kwa nyanya yake huko Nyakach. Mwishowe akasema, "Wacha nimwite Mama Milcah."

Mama Milcah ni mjane wa Riruta, mzee wa kanisa. Watu wa kwao husema kwa sauti ndogo kwamba ana mkono wa kuondoa sihoho, lile jicho la mtu anayekula chakula kikiwa ndani ya mwingine. Alikuja baada ya ibada, angali na Biblia kwapani. Hakuuliza mengi.

"Alikuangalia mdomo?"

"Ndiyo, mama."

"Na tumbo?"

Ivyne akalia.

Mama Milcah akaomba kwanza. Akapaka mafuta, akachanja ngozi kidogo kwa wembe mpya, akaanza kukanda. Alikanda mpaka jasho likamtiririka. Kisha akabana vidole, akavuta. Kikatoka kipande cha bata. Kikatoka kingine. Ivyne alikuwa amevitafuna, anakumbuka alivyovitafuna. Lakini vilikuwa vizima.

Kila kimoja kilikuwa na alama za meno madogo, yamebanana, kama ya panya.

Mama Milcah akaviweka kwenye kisahani juu ya meza ya kulia, akavifunika kwa bakuli. "Mtoto hakuguswa. Mungu ni mwema. Jackton, nisindikize mpaka stegi ya matatu, ukirudi uvizike nyuma ya nyumba. Usikawie."

Jackton akafunga mlango kwa ufunguo, wakaenda. Ivyne akabaki chumbani, tumbo limelegea, usingizi unamchukua.

Sebuleni, kiti kikavutwa.

"Jack?"

Kisha mlio mdogo wa bakuli likiwekwa mezani. Taratibu. Kama mtu mwenye adabu.

"Jack, ni wewe?"

Akavuta shuka, akalifumbata tumbo lake kwa mikono miwili, asithubutu kupumua. Alikuwa bado amelifumbata aliposikia ufunguo ukizunguka mlangoni, na sauti ya Jackton ikisema amefika.

Ukelele wa Ivyne ndio niliousikia mimi, kupitia ukutani.

Jackton alikuta kisahani kimelambwa, kimekauka. Bakuli lilikuwa limewekwa kando, limegeuzwa vizuri. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ndani, yote.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, na anakula vizuri. Wamempa jina la Millicent. Ivyne humlisha jikoni, mapazia yameshushwa.

Lakini ukienda kwao utaona kiti kimoja cha meza ya kulia kimegeuziwa ukuta. Mto wake umebonyea, umbo la mtu aliyekaa. Wameuanika juani, wameupiga kwa fimbo, wametoa pamba wakatia nyingine. Kila asubuhi wanaukuta umebonyea vilevile. Na ukiweka mkono, una joto.