Pacha Wawili, Miguu Mitatu

Mama yao aliwaita Mkubwa na Mdogo, ingawa walipishana kwa dakika kumi tu. Walikuwa pacha wa kufanana. Sauti yao moja, kicheko chao kimoja. Majirani waliwachanganya tangu wakiwa wachanga hadi wakatimiza miaka ishirini na tisa.

Mkubwa alikuwa mpokea simu katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Mdogo alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule. Wote wawili walishinda wamekaa. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kiungo cha Mdogo kilichosogea chini ya meza kilikuwa unyayo mmoja tu, ule wa kukanyaga pedali ya cherehani. Mchana alinunua chipsi na soda, akala palepale kwenye kiti. Jioni alipanda basi kwa mwendo wa vituo viwili.

Nyumbani sahani zilikuwa zimeshajaa.

"Kuleni, wanangu," mama alisema kila siku. "Kwangu halali mtu na njaa."

Mama alikuwa na sababu. Alipokuwa mdogo, njaa iliwachukua ndugu zake wawili. Kwake yeye, mashavu ya binti zake yalikuwa ushahidi kwamba njaa haikuvuka kizingiti chake. Kila sahani ilikuwa kilima cha wali, na ubavuni kijiko kimoja cha mboga.

Mwaka ule Mkubwa alishikwa na kiu isiyokatika. Alikunywa soda, kiu ikazidi. Aliamka mara nne au tano kila usiku kwenda haja ndogo. Macho yake yakaanza kuona ukungu.

"Nenda ukapimwe," Mdogo alimwambia.

"Ni joto tu. Na macho ni kompyuta."

"Isije ikawa kisukari."

"Kisukari ni cha wazee, Mdogo. Mimi hata thelathini sijafika."

Mdogo akarudi kwenye sahani yake. Yeye mwenyewe alikuwa akitweta akipanda ngazi za karakana, na hakutaka kuulizwa.

Kisha kiatu kipya kikamchubua Mkubwa kidole cha mguu. Hakusikia maumivu, kwa hiyo hakujali. Wiki ya pili soksi ilitoka na usaha. Mama akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa. Wiki ya tatu mguu ulivimba hadi juu ya kifundo, ukaanza kunuka. Jirani mmoja akanong'ona kwamba kuna mtu kazini amemwonea kijicho. Wakapoteza siku nne wakitafuta dawa ya kijicho. Siku ya tano Mkubwa alishindwa kusimama.

Hospitalini daktari alipima sukari, akaangalia kipimo, akapima tena. Alizungumza polepole ili wote waelewe.

"Ana kisukari. Huenda ameishi nacho miaka mitano au zaidi bila kujua. Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, inaharibu mishipa. Nyayo zinakufa ganzi. Ndiyo maana hakusikia kidonda. Sasa uozo umepanda. Tukiuacha mguu huu, atakufa. Tunahitaji kuukata chini ya goti, leo."

Mama akaomba wapewe siku moja wafikirie.

"Mama," Mkubwa alisema, "waambie walete kalamu."

Akatia sahihi mwenyewe.

Alipozinduka, aliitazama shuka. Upande mmoja ilikuwa imeinuliwa na vidole. Upande wa pili ililala tambarare. Akamgeukia Mdogo.

"Sasa hawatatuchanganya tena."

Mdogo hakuweza kucheka. Alitoka nje.

Mkubwa aliporuhusiwa kurudi nyumbani, muuguzi wa zahanati ya jirani alikuwa akija kumsafisha kidonda. Alikuwa mwanamume mwembamba, mpole wa maneno. Mama alimwita daktari, naye kila mara alijibu, "Mimi ni muuguzi, mama." Siku moja, alipokuwa akifunga bendeji, Mkubwa alimshika mkono.

"Ukimaliza, mpime na huyu."

"Mimi siumwi," Mdogo alisema.

"Na mimi nilikuwa siumwi."

Muuguzi alimwambia Mdogo afike zahanati asubuhi kabla ya kula. Mdogo alikaa siku mbili bila kwenda. Siku ya tatu mama alimshika kiwiko, wakaenda wote. Majibu yalipotoka, muuguzi aliwaketisha.

"Sukari yako iko juu kuliko inavyotakiwa," alisema, "lakini haijafikia kisukari. Uko mlangoni. Unaweza kuingia, na unaweza kurudi."

Mama akafunika uso kwa kanga. "Ni mimi. Ni mimi niliyewalisha."

"Mama, hukuwapa sumu. Uliwapa ulichokosa wewe. Na ugonjwa huu una mambo mengi, hata urithi umo. Kosa ni kwamba hakuna aliyewaambia mapema." Akamgeukia Mdogo. "Chakula ukishakila, kinageuka sukari kwenye damu. Misuli inayofanya kazi ndiyo inayoitumia. Ukikaa mchana kutwa, sukari haina pa kwenda. Soda unaiongeza juu yake."

"Lakini mimi bado kijana."

"Ndipo vijana wanapopotea. Mwili wa kijana unaficha ugonjwa. Mishipa inaharibika kimya kimya, nawe unajiona mzima. Na unavyozoea kula na kuishi sasa, ndivyo utakavyoishi ukiwa na miaka hamsini, ukijaliwa kufika."

"Chakula bora ni cha matajiri, kaka."

"Kwani soda unapewa bure? Nusu ya sahani iwe mboga. Robo iwe wali au viazi. Robo iwe maharage, samaki au yai. Kunywa maji. Kula tunda lenyewe, usilikamue juisi. Halafu tembea kwa haraka, nusu saa, siku tano kwa wiki. Uheme kidogo lakini uweze kuongea. Na kazini usikae tu. Kila saa simama, zunguka."

Kesho yake Mdogo alitoka kwenda kazini kwa miguu. Hata nusu ya njia hakufika. Aliegemea ukuta, jasho likimtiririka, na vijana waliokuwa wakiosha pikipiki wakamtazama.

"Dada, injini imezima?" mmoja aliuliza, wenzake wakaangua kicheko.

Alipanda basi. Siku iliyofuata alilipanda tena. Kazini alirudia soda, akawa anainywa nyuma ya marobota ya vitambaa. Nyumbani alisema anatembea, na mama akamwamini.

Mkubwa ndiye aliyeiona chupa ya soda mkobani mwa Mdogo. Alijivuta kwa magongo hadi jikoni, akaiweka mezani mbele ya pacha wake.

"Inywe."

"Mkubwa, nisamehe."

"Inywe nikikuona. Mimi ningepewa mguu wangu leo, ningetembea mpaka nianguke. Wewe unayo yote miwili, unaikalia."

Mdogo alilia kwa muda mrefu. Mkubwa hakumbembeleza. Alisimama palepale kwa magongo yake, mpaka Mdogo akainuka na kuimwaga soda.

Alianza upya, safari hii kidogo kidogo. Wiki ya kwanza alitembea dakika kumi tu. Wiki ya tatu zikawa kumi na tano. Vijana wa pikipiki walimcheka mpaka wakachoka. Mchana alikula maharage na mboga alizobeba kutoka nyumbani. Kila saa aliinuka, akazunguka meza za karakana, na msimamizi alipomkaripia, alimweleza habari za pacha wake bila kuficha. Msimamizi hakumkaripia tena. Mama naye alipunguza wali, ingawa mkono ulikuwa mzito. Mara nyingine alirudi na mwiko kutaka kuongeza, kisha akaurudisha sufuriani.

Lakini si kila kitu kilirudi. Kampuni ilimwajiri mpokea simu mwingine. Jicho la kushoto la Mkubwa lilibaki na ukungu. Kila siku alijidunga sindano ya kushusha sukari, na mguu wa bandia ulimchubua. Zipo siku alizolala akiutazama ukuta, asitake kusemeshwa.

Mwaka ulipotimia, pacha walikwenda zahanati pamoja. Mkubwa alibaki kwenye benchi nje. Mdogo aliingia, akapimwa, akasikia maneno ya muuguzi.

"Umerudi kwenye kiwango cha kawaida. Usije ukaacha. Na kila mwaka uje tukupime."

Mdogo alishukuru. Mlangoni akasita. Hakujua atatoka na uso gani.

"Wamesemaje?" Mkubwa aliuliza.

Mdogo aliketi kando yake.

"Sema tu."

"Imeshuka. Ni ya kawaida."

Mkubwa aliinamisha kichwa.

"Nilijua nitakuonea wivu," alisema.

"Na unanionea?"

"Ndiyo." Akamshika pacha wake mkono, akaubana kwa nguvu. "Lakini heri wivu, kuliko magongo ya watu wawili kwenye nyumba moja. Twende tukamwambie mama. Tangu asubuhi hajatia kitu kinywani."