Mkono Uliomkanda Sittana

Sittana alipotoka kwenye shimo la moshi alasiri ile, shavu lake la kushoto lilikuwa limebonyea, kama donge la unga lililotiwa dole gumba. Ikhlas, dada yake mkubwa, alidhani ni mkunjo wa blanketi. Akampangusa jasho. Alama haikujaa.

"Mbona umenibonyeza kwa nguvu vile?" Sittana akauliza.

"Nimekubonyeza saa ngapi?"

"Si umeingiza mkono chini ya blanketi sasa hivi. Mkono wenyewe baridi. Nikakwambia, dada, unaniumiza, na wewe unaendelea tu."

Ikhlas alikuwa jikoni tangu adhana, akikaanga vitunguu.

Ilikuwa wiki ya tano Sittana yumo ndani. Pale Omdurman mwari hufungiwa kabla ya harusi, akaketishwa juu ya shimo, akafukizwa kwa magogo ya mgunga na kusingwa manukato, mpaka ang'ae na apate mwili. Mwili ndio uliokuwa taabu. Hajja Bakhita, mama wa mchumba, alipokuja kumtazama alimgeuza huku na huku kama mnunuzi wa mbuzi, akasema, "Mwanangu anarudi kutoka Jedda kuoa mwanamke, haji kuoa ufito." Wanawake wakacheka. Sittana naye akacheka, kisha siku mbili hakutia kitu mdomoni.

Ndipo Ikhlas alipokwenda kwa muuza manukato sokoni, akarudi na vidonge visivyo na jina ndani ya karatasi iliyosokotwa. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni," aliambiwa, "na umlishe vya chumvi, aone kiu, anywe, ajae." Basi Sittana akawa anakula fesikhi, yule samaki wa kuozeshwa kwa chumvi, mchana na jioni. Wiki ya tatu uso ulikuwa duara kama sinia, macho yamezama, na majirani wakapiga vigelegele.

Baada ya alama ile ya kwanza zikaja nyingine. Mara mbili shavuni, mara chini ya kidevu, safari moja vidole vinne vimejipanga kwenye paji la uso. Nyumba ikaanza kunuka unga wa mtama uliochachuka, na hakuna aliyekanda unga. Bibi Shama, nyanya yao, akasugua masufuria yote kwa majivu, na harufu haikutoka.

Siku ya Jumanne, alasiri, Ikhlas alikuwa akianika nguo uani aliposikia pa, pa, pa, taratibu, kama mtu anayepiga donge kwa kiganja. Sauti ilitoka chumba cha moshi. Akasogea, akasukuma mlango, akamwona mdogo wake ameketi juu ya shimo, amefunikwa blanketi hadi shingoni, macho ameyafumba, na hakuna mwingine mle ndani, hata paka, ila ngozi ya uso ule ilikuwa ikizama na kuinuka, ikizama na kuinuka, ikivutwa upande wa sikio na kurudishwa puani, ikifinywa pembeni na kulainishwa juu, kwa subira ya fundi asiye na haraka na kazi yake, na kila ilipozama Ikhlas aliona umbo la vidole vilivyochimba, virefu kuliko vya mtu, na ndani ya umbo hilo hapakuwa na kitu isipokuwa moshi.

"Sittana," akanong'ona.

Sauti ikakoma. Mashimo matano yakabaki shavuni.

Ikhlas alipomsimulia, Bibi Shama hakuuliza mengi. Kesho yake alimwita shekha wa zari, ile ngoma ya pepo, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu aitwaye Nuraddayim, aliyewahi kupunga pepo nusu ya wanawake wa mtaa. Ngoma ikapigwa, ubani ukafuka, Sittana akapandisha.

"Karibu, mgeni," shekha akasema. "Wewe nani?"

"Mfanyakazi tu," kinywa cha Sittana kikajibu kwa upole. "Nimeitwa, nikapewa na vifaa. Niongezeeni chumvi, kazi haijakauka."

Shekha akainua mkono, ngoma zikanyamaza. Akamvuta Ikhlas kando.

"Binti yangu, pepo wa kwangu mimi hata chumvi hawaionji. Huyu anaidai. Umempa nini mdogo wako?"

Ikhlas akalia, akatoa karatasi.

"Anzeni kwa daktari," shekha akasema. "Mlango aliopitia ufungwe kwanza. Nikimtoa na mlango uko wazi, atarudi kabla sijavaa viatu."

Daktari alikuwa dada mmoja kijana aitwaye Tahani. Alipima figo, akapima tezi ya shingo, akakuta nzima. Kisha akavigeuza vile vidonge kiganjani.

"Hii ni homoni," akasema. "Inapeleka mafuta usoni na mgongoni, miguu inabaki njiti vilevile. Chumvi nayo inauzuia mwili kutoa maji. Msimkatishe ghafla hata siku moja, maana tezi zake za juu ya figo zimelala. Akikosa dawa anaweza kuzimia asiamke. Nitampunguzia mimi, kidogo kidogo. Na fesikhi basi."

"Na hizi alama, daktari?"

"Ngozi iliyojaa maji hubonyea."

"Najua. Nauliza vidole ni vya nani."

Daktari Tahani akaweka mkono wake juu ya alama. Vidole vyake havikufika hata nusu. Akauondoa, akaandika dawa.

Harusi ikasogezwa mbele. Miezi mitatu Ikhlas alipika bila chumvi, akahesabu dawa kama alivyoagizwa, na kila Jumanne shekha alikuja kumwamuru yule mgeni aende zake. Uso ukapungua. Macho yakarudi mahali pake, mifupa ya mashavu ikaonekana, harufu ikaisha. Siku shekha aliposema nyumba ni safi, Bibi Shama aligawa maandazi mtaa mzima.

Wiki iliyofuata Hajja Bakhita akaleta salamu: atakuja Alhamisi kumwona mkwewe, pamoja na mawifi wote wa Sittana. Sittana alikaa na kioo muda mrefu. Akasema ana uchovu, anakwenda kujinyoosha.

Ikhlas alimpelekea chai, akakuta mlango umefungwa kwa komeo. Alikuwa karibu kubisha aliposikia mdogo wake akizungumza ndani, kwa sauti ya chini, ya kubembeleza.

"Mpaka Alhamisi tu. Nakuomba. Wakishaniona, utaondoka."

Kisha mwingine akajibu, kwa upole uleule wa siku ya ngoma.

"Haya. Fumba macho."