Walisema Mume Wangu Kavunja Mwiko

Mimi ni bibi wa Kiranjeranje, miaka sabini na ushei, shule yangu ni juzuu mbili tu za Kurani chuoni. Lakini majina sijasahau hata moja.

Wakati wa vita vya Maji Maji nilikuwa mke wa Mfaume Lipande, mhunzi wa majembe, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeshaonekana.

Wanaume walipokunywa dawa ya vita walipewa mwiko: wasiguse wake zao. Mfaume aliushika. Wallahi aliushika... akawa analala kwenye kibanda chake cha kazi.

Humo aliyeyusha shaba kutengeneza risasi, kazi asiyoizoea. Wanawake tulitoa bangili zetu: Somoe binti Musa, Hadija Ngonde, na mimi. Askari wa Mdachi wasiuone moshi, nikaziba nyufa zote za kibanda kwa udongo. Kwa mikono yangu hii.

Ule moshi ulikuwa mweupe, ukiacha utamu mbaya mdomoni. Kila jioni Mfaume alitetemeka kwa homa, asubuhi amepoa, anarudi kazini. Kisha kikaja kikohozi.

Aliyeanza maneno ni shemeji yangu Athumani, kaka yake wa tumbo moja. "Kavunja mwiko, dawa imemgeukia," aliwaambia watu. Kisha akanigeukia mimi: "Shemeji, hilo tumbo nalo limeota lenyewe?" Wakacheka. Mimba ina miezi sita, dawa haina hata miwili! Nani angehesabu? Majirani wakaacha hata kuja kuchukua moto jikoni kwangu.

Sasa kosa langu. Mfaume aliniambia, "Mke wangu, kifua kinabana. Nipumzike siku mbili."

Nikamjibu, "Ukilala, watasema ni kweli. Nenda, wakuone."

Akaenda.

Siku ya tano tangu hapo midomo ilimgeuka rangi. Alikufa ameketi, maana akilala pumzi ilikatika. Athumani alibeba risasi zote. Jeneza hakulibeba.

Miaka mingi baadaye fundi wa shaba wa Mingoyo alinieleza. "Bibi, shaba tunayeyusha nje, penye upepo. Homa hiyo ya moshi wake sote tunaijua." Sote! Na sisi je, tungemuuliza nani?

Wanangu mnaosoma, mtu wako akirudi kazini anatetemeka, muulize amevuta hewa gani kabla hujamuuliza dhambi zake. Akisema kifua kinabana, mwamini yeye, siyo jirani. Mimi nilitaka watu wanyamaze tu. Siku tunamzika, walinyamaza wote.