Kioo Kwenye Ufa

Foleni ya dirisha la tatu katika ofisi ya ardhi ilikuwa imejikunja mara mbili, na waliokuwa ndani yake walikuwa wamekwisha kuchoka kusalimiana. Afisa mikopo, msichana wa miaka ishirini na saba aliyevaa sketi ya kijivu iliyonyooshwa kwa pasi mpaka ikawa na makali, alikuwa amebakiza watu wawili mbele yake. Kifuani alikumbatia majalada manne ya wateja wa benki. Hapo ndipo mwanamume mrefu, mwenye shati jeupe la mikono iliyokunjwa na futi ya chuma kiunoni, alipojipenyeza mbele yake kama maji yapitavyo chini ya mlango.

"Kaka," msichana alisema, "foleni ina mkia."

"Mkia nimeuona, dada yangu. Kichwa ndicho nilichokuwa nakitafuta."

"Basi umekipata. Angalia kisikuume."

Watu wakaangua kicheko. Mwanamume akarudi nyuma, lakini kila hatua aligeuka kumtazama aliyemfukuza. Baadaye, msichana alipokuwa akitoka, alimpita palepale mkiani.

"Kichwa kinaendeleaje?" mwanamume akamuuliza.

"Kina njaa. Hakikupata mtu mwenye nyama."

Wiki iliyofuata benki ilipokea mthamini mpya wa majengo, na alikuwa yeye. Wenzake walimwita Futi, kwa kuwa alikipima hata kiti kabla ya kukikalia. Haukupita muda mrefu simu za mchana zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula hasira za Mama Muhuri."

"Zimekutosha?"

"Nimebakisha za kukupa wewe."

Mama Muhuri alikuwa mkuu wa mikopo ya nyumba, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu. Jina hilo alipewa kwa sababu muhuri wa idhini haukutoka mkobani mwake hata alipokwenda kunawa mikono. Yeye ndiye aliyemfunza afisa kazi, tena bila kumdekeza. Mwaka wa kwanza, afisa alipoidhinisha jalada lenye sahihi ya mume pasipo ya mke, Mama Muhuri hakumgombeza. Alimwongoza kwa miguu mpaka nyumbani kwa yule mke, akamwambia, "Omba radhi. Mimi nitasimama hapa mlangoni nikusikie." Walipokuwa wakirudi alisema maneno ambayo afisa aliyaandika nyuma ya daftari lake: "Mkopo wa nyumba ni ndoa ya miaka ishirini. Usilitilie sahihi jambo ambalo jicho lako halijaliona. Na ukikosea, mwanangu, kosa hilo ni shule uliyoilipia mwenyewe. Usikubali mtu mwingine akuchukulie cheti."

Kisha likaja jalada la muuguzi. Alikuwa mama wa watoto wawili, na alitaka kununua nyumba ndogo yenye ufa mwembamba katika ukuta wa jikoni. Futi alibandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa gundi, pande zote mbili. Akaandika tarehe kwa wino wa bluu, na chini yake akachora pembetatu ndogo, ambayo ndiyo alama yake.

"Ufa uliolala hauvunji kioo," alimweleza afisa aliyesimama kando yake. "Ufa ulio hai utakivunja. Tungoje mvua zipite."

Mvua zilipopita, Futi alikuwa kazini katika mji mwingine. Afisa alikwenda peke yake, mbiombio, jicho moja ukutani na jingine kwenye saa. Akapiga simu.

"Kioo ni kizima, mpenzi."

"Umekiona vizuri?"

"Kwani mimi kipofu?"

"Macho yako ndiyo macho yangu," Futi akasema, akaitia sahihi ripoti akiwa hukohuko.

Miezi minne baadaye muuguzi aliingia benki akiwa na sare ya kazi na vumbi la lipu kwenye nywele. Hakupiga kelele. Aliweka ufunguo wa nyumba juu ya meza ya afisa.

"Ukuta wa jikoni umefunguka, naingiza mkono mzima," alisema. "Tofali limeangukia kiti cha mwanangu. Alikuwa ameinuka kufuata maji. Dada, mimi kila siku nawashona watu waliopasuka. Ukuta siwezi kuushona."

Kamati ya benki ikakaa. Watu watatu nyuma ya meza ndefu, afisa upande mmoja na Futi upande wa pili.

"Ni nani aliyekikagua kioo baada ya mvua?" mwenyekiti akauliza.

Afisa alifungua kinywa. Futi akamtangulia.

"Ni mimi. Nilikwenda mwenyewe. Kilikuwa kioo changu, na kilikuwa kizima. Ukuta umeharibika baadaye."

Mwenyekiti akaandika. Ikaamuliwa kwamba hakuna aliyedanganya, kwamba nyumba imepatwa na ajali, na kwamba muuguzi ataendelea kuulipa mkopo. Afisa hakusema neno. Lazima ielezwe kweli yote: jambo la kwanza alilolihisi lilikuwa nafuu. Alipumua. Hasira ilikuja baadaye, na ilipokuja haikubisha hodi.

Siku ya nne alikwenda kwa muuguzi. Nusu ya kioo ilikuwa bado imeshika ukutani. Aliisogelea mpaka pua ikakaribia kuigusa, akaona kuwa ni safi. Haikuwa na wino, wala tarehe, wala pembetatu.

"Hiki si kile—" alianza.

"Kwani vilikuwa viwili?" muuguzi akauliza. "Siku niliyohamia nilikuta kingine kimevunjika nyuma ya tangi la maji. Vitu vyenye makali mimi sivitupi ovyo, kazi yangu imenizoeza." Akaleta kopo la bati lenye kifuniko. Ndani yake, katikati ya sindano za cherehani na wembe wa zamani, vilikuwamo vipande viwili vya kioo vyenye wino wa bluu.

Muuzaji wa nyumba, bwana mpole mwenye kuapa kwa kila sentensi, alikuwa amekibandua kioo kilichovunjika na kubandika kingine kipya.

Afisa aliingia ofisini kwa Futi bila kugonga.

"Karibu, malaika wa—"

"Usiniite!" Akavimwaga vipande juu ya mchoro wa Futi. "Hiki ni cha nani?"

Futi alikiinua. Akaiona pembetatu. "Changu."

"Na nilichokiona mimi hakikuwa chako! Kilibadilishwa. Sikusoma tarehe, nilikuwa nasoma saa. Wewe ukaiambia kamati kwamba ulikiona kwa macho yako na kilikuwa chako. Umemwogesha mwizi kwa sabuni yako mwenyewe, na muuguzi ndiye anayelipia maji!"

"Nilikuwa nakulinda."

"Nani alikutuma?"

"Moyo."

"Moyo wako hauna adabu! Kosa lilikuwa langu. Umeninyang'anya kama mtoto anavyonyang'anywa kisu. Mimi ni mtoto wako?"

Futi naye akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Na wewe ulikuwa na mdomo mle ndani! Mbona hukuufungua?"

Neno hilo lilimkasirisha afisa kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa lilikuwa la kweli.

"Nitaufungua leo."

"Ukiufungua, bodi ya wathamini itanipokonya leseni. Nilitia sahihi bila kuona, tena kwa ajili ya simu yako!"

"Kwa ajili ya uvivu wako! Macho yangu ni yangu. Sikukukodisha."

"Ukitoka kwa mlango huo kwenda kusema, usirudi kwa mlango huo."

"Baki nao," afisa alisema akikusanya vipande. "Ukikosa kazi, upime."

Mama Muhuri alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Vipande vya kioo vilikuwa mbele yake juu ya karatasi nyeupe.

"Ulikaa mezani pale ukanyamaza?"

"Ndiyo, mama."

"Dakika ngapi?"

"Zote."

Kofi la Mama Muhuri lilitua mezani hata kalamu zikaruka. "Tofali limeanguka kwenye kiti cha mtoto, nawe umefunga mdomo! Nilikufundisha nini? Nilikutembeza juani bure?"

Afisa alilia, lakini hakuinamisha kichwa. Mama Muhuri akautoa muhuri mkobani, akautazama kwa muda.

"Mimi nilinyamaza mara moja, nilipokuwa na umri wako," alisema, na sauti yake haikupungua ukali. "Sikusema mpaka leo hii. Mteja wangu akaipoteza nyumba. Watu hudhani natembea na muhuri huu kwa kuwahofia wezi. Namhofia yule msichana. Wewe umenyamaza siku nne. Inuka, twende kwa mwenyekiti. Utasema wewe. Mimi nitasimama mlangoni nikusikie."

Afisa alisema yote. Mauzo yakabatilishwa, muuzaji akarudishiwa nyumba yake na kupelekwa kujibu mashtaka, na muuguzi akafutiwa mkopo. Afisa naye akavuliwa uafisa kwa mwaka mmoja, akawekwa masjala kubeba majalada ya wenzake. Mwezi mmoja baadaye bodi ikamfungia Futi leseni miezi sita. Simu yake haikulia tena mchana. Afisa aliamini kwamba maneno yake ndiyo yaliyomfungia leseni, naye hakujuta kuyasema. Lakini kila mchana, saa ya chakula ilipofika, alijikuta akiigeuza simu kifudifudi juu ya meza kwa hasira, kisha akiigeuza tena kuitazama.

Miezi saba ilipita tangu wagombane. Asubuhi moja alikuwa kwenye foleni ya dirisha la tatu, amevaa viatu bapa na sketi ileile ya kijivu, mikononi majalada tisa. Alikuwa amesimama saa moja na nusu, na mbele yake alibaki mtu mmoja. Simu ikalia.

"Nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mkia wa foleni."

Hakugeuka. "Una shida gani?"

"Leseni imerudi jana."

"Hongera. Kwaheri."

"Ngoja! Bado una hasira?"

"Ninazo za akiba."

"Hata mimi. Nimekasirika mpaka nimekonda. Lakini siku ile ulipotoka kwangu, nilikaa nikakitazama kile kiti kilichoanguka. Kesho yake alfajiri nikaenda bodi mwenyewe, kabla hawajaniita. Niliwaambia nilitia sahihi bila kuona, na kwamba kamati niliidanganya."

Majalada yalianza kumteleza afisa, akayabana kwa kidevu.

"Miezi saba hukuniambia?"

"Nilikuwa na hasira ya kutosha kutokukuambia."

"Mpumbavu wewe! Nimebeba kufungiwa kwako miezi yote hiyo kama gunia! Mama Muhuri anajua?"

"Ndiye aliyenielekeza dirisha hili. Alisema, 'Nenda ukagombezwe, mambo yenu yamenichosha.'"

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kukuoa."

"Kwa simu?"

"Nikija mbele hawa watu watanipiga. Nimesikia hapa kuna kichwa kinauma."

"Sikiliza, Futi. Mara ya mwisho ulipoamini neno kwa simu, ukuta ulianguka. Mimi sijibu jambo nisiloliona."

"Anayefuata!" karani akaita dirishani.

Ilikuwa zamu yake. Afisa alimgeukia mwanamke aliyekuwa nyuma yake. "Pita, dada." Kisha akaanza kurudi, kona ya kwanza, kona ya pili, huku watu wakimtazama kama mtu aliyepotelewa na akili.

Futi alikuwa wa mwisho kabisa. Shati halikupigwa pasi, na mkanda aliukaza kwa tundu jipya alilolitoboa kwa msumari. Afisa alisimama mbele yake na kumtazama polepole, kwanza macho, kisha kidevu, kisha mikono, hakuruka kitu.

"Umekonda kweli."

"Si nilikuambia?"

"Kuambiwa si kuona. Rudia sasa."

Futi akarudia. Mzee wa mbele yake akakohoa kwa heshima.

"Ndiyo," afisa akasema, uso bado umekunjamana. Akamtwika majalada matano, akabaki na manne, akasimama nyuma yake. "Haya, shika vizuri. Foleni ni ndefu, na mimi sijamaliza kukugombeza."