Kuna Mwingine Anaandika

Cheka tu, wewe uliyesoma mpaka huamini kitu kisicho na cheti. Rafiki yangu Tryphosa, karani wa kanisa letu hapa Gesima, si mwongo, na mimi sina muda wa kukudanganya.

Binti yake Mong'ina alizikwa Jumapili. Alhamisi mchana Tryphosa akaenda ofisini kumtoa kwenye orodha ya washiriki, maana kazi ni yake na hakutaka mtu mwingine aifanye. Mvua ilikuwa imeleta giza, mabati yanapiga kelele.

Kompyuta ikakataa jina. Akampigia simu Bravin, fundi aliyeunda programu ya orodha hiyo, akaiweka mezani kwenye spika.

"Ni ile alama ya ng', Mama. Inadhani jina limeishia hapo. Iweke mara mbili."

"Na wewe ni Mkisii! Jina la kwenu linakushinda?"

Akaiweka, jina likaja. Akaandika "amefariki", akahifadhi. Ikajibu: imefungwa, kuna mwingine anaandika. Akamsomea Bravin.

"Nani mwingine ameifungua?" Bravin akauliza.

"Niko peke yangu na hiki kidubwasha chako."

"Basi zima, uwashe."

Akazima, akawasha, akaandika tena. Jibu likawa lile lile. Mvua ikakatika, ndipo akasikia vibonye vikibofywa taratibu, na mikono yake iko mapajani. Kwenye kioo, "amefariki" ikafutika herufi moja moja, kutoka mwisho, mpaka nafasi ikabaki tupu.

"Mama? Imekubali?"

"Iache," Tryphosa akasema. "Bado anaandika."

Hakuizima. Alitoka, akafunga mlango polepole.