Darasa Lisilopewa Mbinu

Usukani wa baiskeli ya Hiske ulinasa kwenye baiskeli ya kijana mmoja, pale stesheni ya Groningen, Uholanzi, saa ya watu kuwahi treni. Yeye na koti lake la mvua la manjano, kijana na skafu ya kijani iliyofumwa vibaya.

"Umeifuma mwenyewe hiyo?"

"Mama yangu. Ukicheka nakushtaki."

Hiske alicheka, na mambo yakaanzia hapo. Kijana aliitwa Wessel, mtafiti wa jinsi ubongo wa mtoto unavyoshika masomo. Hiske alifundisha darasa la mwisho la shule ya msingi, na kumbe shule yake ilikuwamo kwenye utafiti huo huo! Darasa la jirani lilipewa mbinu mpya. La Hiske, kwa kura, liliachwa lifundishwe kama zamani, ili wayalinganishe. Hakutakiwa hata kuijua mbinu yenyewe.

Lakini wapenzi wakila supu ya njegere pamoja, nani atafunga mdomo?

"Usiwarudie somo, mpenzi," Wessel alisema. "Funga kitabu, waulize. Waache wasahau kidogo, uwaulize tena. Ile taabu ya kukumbuka ndiyo inayolikaza somo kichwani."

"Na wangu je?"

"Mwakani, roho yangu. Vumilia."

Hiske hakuvumilia. Kila asubuhi alimwona Tjitske, binti aliyelia kwenye kila jaribio, na mtihani wa Februari ndio ungeamua aende sekondari gani. Akafunga vitabu, akauliza.

Majira ya kuchipua, simu ikalia.

"Hiske, darasa lako limepanda sawa na la jirani. Nani alikufundisha?"

"Wewe."

Wessel alishusha pumzi. "Bila tofauti kati ya madarasa, inaonekana mbinu haina kazi. Shule zilizokuwa zinaingoja hazitapewa."

"Tjitske amepata shule aliyoitaka! Nimwambie asubiri mwakani? Mwakani hayuko darasani kwangu."

"Ungeniambia."

"Ungenikataza."

"Ndiyo. Ningekukataza."

Wessel alimweleza profesa wake kwamba kosa ni lake yeye Wessel, aliropoka. Utafiti ukafutwa, naye akapata kazi Denmark. Siku ya kuaga walikaa mkahawani karibu na mfereji, kahawa zikapoa. Hiske alikuwa amevaa gauni la bluu ambalo Wessel alilipenda, na moyo ulimuuma hadi akashindwa kumtazama.

"Nikibaki," Wessel alisema, "tutaanza upya. Niambie kitu kimoja tu. Ungerudishwa nyuma, ungefanya vilevile?"

Hiske alijua jibu la kumbakiza. Neno moja dogo, hapana, na angelala naye usiku huo na maisha yao yote. Alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu.

"Ningefanya vilevile," alisema.

Wessel alitikisa kichwa kukubali, akambusu kwenye paji la uso, akatoka nje. Hiske alibaki mezani akilia waziwazi mbele za watu.