Kitambaa cha Bonny

Yaliyompata Cuthbert Nevin, rafiki yangu wa hapa Northumberland, alinisimulia mwenyewe, naye ni mbishi asiyeamini hata saa ya kanisa.

Mchana mmoja wa Novemba alikwenda kwa jirani yake, mzee Ephraim Dodds, mchoyo anayejulikana, kuazima farasi wa kuzungushia mashine ya kupura shayiri.

"Umechelewa, bwana. Bonny alikufa wiki iliyopita," Ephraim akamwambia. "Nimemzika na kitambaa chake cha macho. Miaka ishirini amezungusha mashine amefungwa macho, asipate kizunguzungu. Bila kitambaa hatulii."

Cuthbert alitaka kumpa pole, lakini akasikia kwato kwenye nyumba ya duara iliyoshikana na ghala, ile ya mashine. Zilikwenda taratibu, ko, ko, ko, huku boriti ya mashine, ile anayofungwa farasi aizungushe, ikilia.

"Mzee, kama hutaki kuniazima si useme tu? Unamzulia mnyama kifo!"

"Usifungue huo mlango, Cuthbert."

"Ahaa!" Akaufungua.

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia, ndani giza tupu. Kwato zikanyamaza. Alipapasa ukuta wote mpaka akarudi mlangoni, asiguse farasi yeyote. Ndipo boriti, iliyokuwa bado inajongea, ikamgonga kifuani na kusimama. Kwenye ncha yake kulikuwa na kitu kinaning'inia. Akakitoa nje, penye mwanga.

Kilikuwa kitambaa cha macho, kimejaa udongo, kimelowa jasho, na bado kina joto.